Kofi la Muuza Samaki wa Katania

Nilitia kidole kwenye shavu la samaki asiye wangu, mbele ya watu, katika nchi ambayo hata salamu yake nilijifunza nikiwa ndani ya ndege, nikapigwa kofi mkononi. Halikuwa kofi la kuumiza. Lilikuwa kofi la maji baridi na magamba, kama lile mama analompa mtoto anayedokoa nyama jikoni. Nina miaka hamsini na mitatu. Nayasema haya mapema ili msomaji asijitaabishe kunionea huruma huko mbele. Huruma sistahili, na yule samaki hakuwa na kosa lolote. Nilimkagua nikiwa na hasira na mtu mwingine.

Mtu mwenyewe ni huyo muuza samaki aliyenipiga. Nilikuwa nimeshamwonea wivu miezi sita kabla sijamtia machoni.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimeishi London miaka ishirini na mbili, na ukiniuliza mto wao mkubwa una rangi gani nitakujibu kwa kukisia. Tunakaa Kingsbury. Natunza majengo ya shule iliyo dakika nane kwa miguu kutoka mlangoni kwangu, na hizo dakika nane huwa naziona nyingi. Kidato cha nne nilimalizia Tanga, miaka kadhaa baadaye nikaja huku, nikakaa chini. Mke wangu ni muuguzi, naye ni mtu wa kutoka. Kila mwaka huniuliza, "Safari hii utakuja?" Nami kila mwaka humjibu, "Nani atabaki na nyumba?" Utadhani nyumba ina miguu.

Kwetu mambo yote makubwa anaamua yeye: shule za watoto, rangi ya pazia, nani aalikwe na nani aambiwe tuna mafua. Sina kinyongo nalo, naona raha. Lakini samaki ni wangu. Kila Jumamosi asubuhi napanda basi vituo vinne hadi kwenye duka la Mbangladeshi mmoja anayenijua, naye huniacha nipeleke mkono juu ya barafu nifanye kazi yangu. Kwetu samaki hanunuliwi kwa macho peke yake. Unamfunua shavu uone kama ndani bado ni mwekundu wa damu au ameshafifia. Unambonyeza tumbo uone kama linarudi. Unamtazama jicho kama limejaa au limezama. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa na miaka saba, na mtu anayenunua bila kufunua shavu alikuwa anamwita mtu wa bara, tusi kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo.

Nikirudi namlaza samaki kwenye sinki. Mke wangu anakuja, anainama, anatazama, anasema, "Hapo umechagua." Basi. Maneno mawili. Kwa maneno hayo mawili nimeishi Jumamosi hadi Jumamosi, wenzangu wa umri huu wakiishi kwa vidonge vya presha.

Mwezi wa nne alikwenda Sisilia na wenzake watatu wa wodini, siku tano, kwenye mji wa Katania, mji wa zamani sana chini ya mlima unaotoa moshi. Aliniomba niende. Nilisema maua yatakauka. Hatuna maua.

Alirudi na rangi nzuri na habari moja. Mlima hakuutaja. Makanisa ya kale hakuyataja. Alilitaja soko la samaki, na katika soko zima la samaki akamtaja mtu mmoja.

"Ana meza yake pale ukishuka ngazi," alisema huku anatoa nguo kwenye sanduku. "Anamenya kamba mbichi, anamkamulia limau, anakuwekea kiganjani."

"Ukamla?"

"Nikamla."

"Mbichi?"

"Angekuwa amepikwa si ningesema amepikwa."

Huyu ni mwanamke ambaye akiona wekundu kidogo kwenye uti wa samaki anarudisha sahani jikoni. Nimeshawahi kumkaanga samaki changu mmoja mara tatu, hadi akawa wa kugonga mlango. Leo kamba mbichi, kutoka mkononi mwa mwanamume asiyemjua hata jina.

"Alikuona una njaa," nikasema.

"Akanichagulia na samaki wa kupika," akasema. "Tena alichagua."

Nililichukua sanduku tupu nikalipandisha juu ya kabati, nikakaa huko juu ya ngazi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Picha yake ilikuwa kwenye simu ya mke wangu: mwanamume wa makamo, viatu vya mpira hadi magotini, aproni ya plastiki, masharubu yaliyotunzwa. Binti yetu, aliyezaliwa hapa na ambaye hata nikimsalimia kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, alinikuta jikoni naikuza ile picha kwa vidole viwili. Akaniuliza kama baba yake anamwonea wivu muuza samaki. Nikamwambia naangalia samaki. Akachungulia kioo, akasema hakuna samaki. Kweli hakuwapo. Nilikuwa nimekuza mpaka samaki wote wametoka nje, yamebaki masharubu.

Jumamosi ya kwanza baada ya safari nilimleta kibua mnene, jicho limetoka utadhani amesikia umbea. Nikamlaza kwenye sinki nikasogea pembeni kungoja haki yangu. Mke wangu aliinama. Badala ya kutazama, akanusa.

"Yule bwana anasema samaki mzuri hanuki samaki. Ananuka bahari."

"Anasema kwa lugha gani?"

"Kwa mikono."

"Mikono yake inajua mengi."

Akanitazama kama anavyotazama kipimajoto cha mgonjwa mwongo. Maneno yangu mawili hayakuja. Akachukua kisu akaanza kupara.

Jumamosi ya pili nilimkuta mlangoni ameshavaa viatu. "Leo twende wote," akasema. Dukani akaonyesha samaki mmoja kwa kidole, hakumgusa, akasema yule. Yule Mbangladeshi wangu, mtu niliyemwamini, akatikisa kichwa akasema mama ana jicho. Nilirudi nyumbani nikitembea hatua mbili mbele yake, nimeubeba mfuko kama mtu anayebeba kesi yake mwenyewe.

Jumamosi ya tatu nikamwahi. Niliondoka saa moja asubuhi, yeye bado amelala, nikafika duka halijafunguliwa, nikasimama nje kama mwombaji viza. Niliporudi nilimkuta amekaa sebuleni, amevaa, amejifunga mtandio, mkoba uko mapajani.

"Umeshakwenda?"

"Nimeshakwenda."

"Haya," akasema. Akauvua mtandio, akaukunja vizuri, akapanda juu. Samaki hata hakuja kumwona. Nami, kwa akili zangu zilivyokuwa, nikajua kwa yakini: anamfananisha na wa kule.

Tuliendelea hivyo majira yote ya joto. Mimi naamka mapema, yeye anasema haya. Mwezi wa tisa nikaona siwezi kushindana na mtu nisiyemwona. Shule ingefungwa wiki moja mwezi wa kumi. Nikamwambia mke wangu, akiwa anakunywa chai, "Twende Katania."

Akakiweka kikombe chini. "Wewe?"

"Mimi si mtu?"

"Na nyumba?"

"Nyumba itajikalia."

Alitabasamu hivi, nusu, akakinywea kile kikombe tabasamu likiwa bado ndani. Nilidhani anamfurahia yule bwana.

Jirani yetu, tunayetenganishwa naye na uzio wa mbao, ni mjane wa Kigujarati aliyezaliwa Moshi. Hajala samaki wala nyama maisha yake yote, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilikwenda kumwomba atupokelee barua na vifurushi. Akaniuliza tunakwenda kufanya nini huko. Nikasema kuona majengo ya kale.

"Majengo," akasema. "Hekalu letu la Neasden, watu wanatoka Amerika kuja kuliona. Wewe liko basi moja kutoka hapa, umekwenda lini?"

"Bado, mama."

"Haya. Nenda kaone majengo."

Sasa soko. Nimelikasirikia miezi sita na bado sina budi kulisifu. Limekaa chini ya usawa wa barabara, unalishukia kwa ngazi nyuma ya uwanja wa kanisa kuu, na mawe yake ya chini ni meusi, ya ule mlima, yanamwagiwa maji kutwa hadi yanang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Juu wametanda maturubai mekundu, kwa hiyo kila kitu kilicho chini yake, samaki na watu, kina afya ya uongo. Kuna vichwa vya nduaro vimesimamishwa mezani, pua zao ndefu zimeelekea mbinguni. Kuna pweza, kuna dagaa wa fedha kwenye sinia, kuna konokono wanaojaribu kutoroka polepole. Na kelele. Kila muuzaji anapiga kelele kana kwamba samaki wake ndio wanaoungua. Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho nikajikuta nimeachama mdomo kama wao, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa: aliyaona haya bila mimi. Cha pili: maua.

"Yule pale," mke wangu akasema.

Alikuwa mfupi. Naomba hilo liandikwe. Kwenye picha hakuna kitu cha kupimia, lakini pale mezani nilimzidi kichwa kizima, na kwa dakika moja nilikuwa na furaha safi. Mke wangu akamwonyesha ile picha ya mwezi wa nne ili amkumbushe. Yule bwana akafuta mikono, akavaa miwani, akaitazama kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa anajitazama yeye. Kuhusu mke wangu, hakukumbuka lolote. Halafu akamenya kamba akamkamulia limau, akamwekea mke wangu kiganjani, akamenya mwingine akampa mzungu mmoja wa kiume mwenye kofia, akamenya mwingine akampa bibi kizee mwenye toroli. Kumbe anampa kila mtu.

Mtu mwenye busara angeishia hapo, akala kamba wake, akarudi hotelini na ushindi. Lakini nilimwona mke wangu anavyofumba macho akitafuna. Nikaona sasa ni zamu yangu kumwonyesha nani ni nani. Mezani alikuwapo samaki mmoja mkubwa, mwekundu wa kupendeza, anafanana na changu wa kwetu. Nikasogea, nikapeleka mkono, nikainua kifuniko cha shavu lake kwa kidole cha shahada, sawasawa kama mama alivyonifundisha.

Hapo ndipo kofi lilipotua.

Soko liliendelea na kelele zake, lakini pale mezani watu wote waligeuka kunitazama. Yule bwana akaanza kusema, maneno mengi, mikono mingi zaidi. Mwanamke mmoja kijana aliyekuwa anangoja zamu yake akanieleza kwa Kiingereza, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni msikitini kwamba viatu vinavuliwa nje. Alisema hapa mnunuzi hamgusi samaki. Anauliza, na mwenye meza anamjibu. "Anasema ukimfunua, unawatangazia watu wote kwamba yeye ni mwongo."

"Mwambie kwetu," nikasema, nimeushika mkono wangu kama ushahidi, "asiyemfunua anawatangazia watu wote kwamba yeye ni mjinga."

Akamtafsiria. Yule bwana akacheka, kicheko cha tumbo, aproni nzima ikacheka. Na mke wangu akacheka naye, kwa pamoja, kwa sauti moja. Kofi nililimeza. Hilo la kucheka pamoja ndilo lililoniuma, maana mzaha ulikuwa wangu na walikuwa wanaula wawili.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akamchukua yule samaki mwekundu, akamfunua shavu yeye mwenyewe, akanisogezea karibu na uso. Ndani kulikuwa kwekundu kama kitambaa kipya. Katika Jumamosi zangu zote za London sijapata kumleta nyumbani samaki kama yule. Akaniwekea na kamba kiganjani. Nikasema bismillahi nikamla, kwa hasira.

"Mtamu?" mke wangu akauliza.

"Si mbaya."

"Sema ukweli wako."

"Mtamu."

Akanishika kiwiko akanisogeza mbele ya meza. "Sasa chagua," akasema. "Chagua wewe, wa leo."

Nikasimama. Mikono nimeifunga nyuma kama mwalimu wa zamu. Walikuwapo samaki labda hamsini, wote wananitazama, na mimi bila vidole vyangu sikuwa najua lolote. Nilimtazama huyu, nikamtazama yule. Yule bibi mwenye toroli akaanza kupumua kwa nguvu. Miaka yote nilikuwa nadhani ujuzi uko kichwani, kumbe ulikuwa kwenye ncha ya kidole kimoja, na kidole chenyewe ndiyo kwanza kimetoka kupigwa.

"Chagua wewe," nikamwambia.

"Nimesema wewe."

"Na mimi nimesema wewe. Wewe ndiye mwenyeji wa hapa."

Akamgeukia yule bwana, akauliza kwa mikono, akajibiwa kwa mikono, wakakubaliana. Samaki wawili wa kadiri, wa fedha, wakafungwa kwenye karatasi.

Tulikuwa tumepanga chumba chenye jiko dogo. Mke wangu akawalaza wale samaki kwenye sinki, akasogea pembeni, akasimama. Hakuchukua kisu. Hakuwasha jiko. Alisimama tu, mkono kiunoni, akinitazama mimi. Nikainama nikawatazama. Walikuwa wananuka bahari. Nilijua vizuri sana anangoja nini, maana nimeshasimama hivyo hivyo pembeni ya sinki la nyumbani miaka ishirini na mbili nikingoja hicho hicho. Maneno mawili tu.

"Kisu kiko wapi?" nikasema.

"Kiko mbele yako," akasema.

Tulikula. Nilikula mara mbili, nikafyonza hadi vichwa. Wivu wangu haujawahi kuniharibia hamu ya chakula, hilo ndilo jema pekee ninaloweza kuusifia. Lakini neno sikulitoa, si usiku ule, si kwenye ndege, wala tulipofika nyumbani na kukuta vifurushi vyetu vimepangwa kwa urefu kwenye sebule ya jirani.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alikuwa tayari saa tatu. Kituo cha basi kiko mbele kabisa ya nyumba yetu, ukitoka getini umefika.

"Twende," akasema.

"Nenda wewe. Wewe sasa ndiye mwenye jicho."

"Nimesema twende."

"Nina kazi bustanini."

"Kazi gani?"

"Kuna mambo."

Akakichukua kikapu, akatoka kwa mlango wa mbele. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda kwenye bustani yetu isiyo na ua hata moja, nikalihamisha pipa la taka kutoka kona hii kwenda kona ile. Jirani alikuwa upande wake wa uzio anakata majani ya uwatu kwenye makopo kwa mkasi. Akaniuliza majengo yalikuwaje.

Sijui ni kitu gani kiliniingia. Nikamwambia yote, nimejiegemeza kwenye uzio: kamba mbichi, picha, kofi, kicheko, wale samaki wawili wa fedha. Nilimsimulia polepole, nikimwachia nafasi za kunipa pole, naye hakuzitumia. Nikamalizia kwa kusema kwamba katika nyumba ile nilikuwa na kazi moja tu, moja, na mke wangu ameipenda akaichukua, na sasa ameondoka zake kununua samaki na mimi nabaki na pipa.

Jirani aliendelea kukata uwatu mpaka kopo likaisha. Halafu akainua kichwa akatazama, siyo mimi, akatazama kando yangu, kwenye kile kichochoro kati ya nyumba zetu mbili ambacho kutoka kwake kinaonyesha barabara. Ndiko alikokuwa akitupia jicho tangu nianze kusimulia. Akauweka mkasi juu ya uzio.

"Wewe bwana, mkeo yuko getini robo saa nzima na kikapu chake, mabasi mawili yamepita hajapanda. Mtu anayetaka samaki angekuwa ameshafika. Anakungoja wewe, sijui kwa nini."